Kinywa cha Mwalimu Nyo Maung

Mwalimu Nyo Maung hakuwa amepata kushindwa na jambo aliloazimia kulishinda, na ndiyo sababu, daktari alipomwambia aache tambuu, aliitikia kama mtu aliyeombwa avue kofia. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amesimama mbele ya watoto wa mji wa Pakokku akiwahubiria kwamba nia ni bwana na mwili ni mtumwa, na kwamba bwana anayekubali kupandwa kichwani na mtumwa wake hastahili kuonewa huruma. Aliyahubiri hayo huku popoo imetulia shavuni mwake, wala yeye wala watoto hawakuona kioja chochote.

Daktari mwenyewe, Yadana, alikuwa mmoja wa watoto hao. Kabla ya kumgusa uso aliunganisha viganja na kuomba radhi, kwa kuwa mwanafunzi hamgusi mwalimu wake kichwani hivi hivi. Kisha akaingiza vidole kinywani. Viwili vilipita, cha tatu kiligota. Nyama ya ndani ya mashavu ilikuwa imegeuka nyeupe na kukakamaa kama kamba ya katani iliyokaukia juani, na kinywa kilikuwa kinafunga taratibu. Yuko mpasuaji katika mji wa Mandalay anayeweza kuzikata kamba hizo, lakini hamkati mtu anayeendelea kutafuna, maana ugonjwa humrudia.

"Siku kumi, Mwalimu, bila hata chembe," alisema Yadana. "Mpasuaji ataniuliza mimi, na mimi nitakuuliza wewe. Ukiniambia umeacha, yamekwisha. Nani atapima neno lako?"

Nyumbani alijaribu siku tatu. Kama angeshindwa na uchu asingefadhaika sana, kwani uchu ni adui anayeonekana. Lililomfadhaisha ni kwamba alikuta tambuu imo kinywani tayari. Aliketi kusoma gazeti, mkono ukafunga safari yake hadi kwenye kijaluba, na akili ilipozinduka, mate yalikwisha kuwa mekundu. Mkewe, Hnin Wai, akakitupa kijaluba mtoni. Kesho yake Mwalimu alirudi kutoka sokoni na kingine kipya mfukoni, asikumbuke alikinunua kwa nani.

"Hata kuku hujua anapodonoa," mkewe alimwambia. "Wewe mwenzangu umezidi."

Ndipo alipoamua kukimbilia mahali ambapo mazoea yake yasingeweza kumfuata. Wanaume wa Pakokku, moyo ukiwalemea, huvishwa utawa kwa siku chache kisha hurejea kwa wake zao. Alijiwekea siku tisa, kwani tisa ni hesabu ya heri, na ya kumi ingekuwa ya kwenda kwa daktari. Akanyolewa nywele na nyusi, akavishwa nguo ya rangi ya damu ya mzee, akapewa jina jingine. Aliwaza kwamba mtu asiye na nywele zake wala jina lake hatakuwa hata na mkono wake wa zamani.

Maisha yake yote alikuwa ameona waumini wakiwapelekea watawa sahani za tambuu, na hata yeye mwenyewe amezipeleka mara nyingi. Bado jambo hilo halikumpitia kichwani. Mtawa hali chakula baada ya adhuhuri mpaka kupambazuke. Lakini tambuu si chakula. Ndiyo inayolituliza tumbo. Alasiri ya kwanza tu, sahani ilizungushwa mkekani, na mkuu wa watawa, mzee wa meno manne, alichukua mbili. Mwalimu alipoeleza kwa fahari kilichomleta, mkuu alicheka hata akapaliwa.

"Umeruka maji, ukakanyaga matope," alisema, akapangusa kidevu.

Hata hivyo alivumilia siku sita. Alifundishwa kwamba kutaka kukija, asipigane nako, akutazame tu kunavyokuja na kunavyokwenda. Alitazama kwa bidii ya mtu aliyezoea kuwa wa kwanza darasani, na alichokiona kilimtia hofu. Kutaka hakukuwa kwa kwanza. Kwanza magoti yalikunjika mkekani. Kisha sauti ya feni. Kisha kidole gumba kikasugua kidole cha shahada kana kwamba kinajifuta chokaa. Baada ya hayo yote ndipo neno "nataka" lilipowasili, limechelewa, mithili ya mwalimu mkuu anayeingia darasani vita vimekwisha na kudai kwamba ndiye aliyeamuru wanafunzi wakae. Je, miaka yote hiyo alikuwa akimhubiria nani?

Siku ya saba alikuja mama yake, Daw Saw Mya, mwenye umri wa miaka themanini na minne, macho yamefunikwa na ukungu. Hakuwa ameambiwa habari za ugonjwa. Mwalimu alikuwa amekataza, akisema hakuna haja ya kumsumbua mzee kwa jambo la siku kumi. Bikizee alipiga magoti, akagusa sakafu kwa paji la uso mara tatu mbele ya mtoto aliyemzaa, kwa kuwa mtawa huinamiwa hata na mzazi wake, kisha akasogeza sahani kwa mikono miwili. Majani yalitoka uani kwake. Popoo alikuwa ameikata mwenyewe kwa kupapasa, na kidole chake kimoja kilifungwa kitambaa.

"Pokea, Mtukufu," alisema. "Katika maisha yajayo siombi makubwa. Naomba macho tu."

Sadaka iliyotolewa kwa moyo namna ile haikataliwi. Anayeikataa humfungia mtoaji mlango wa thawabu. Mwalimu akapokea. Kupokea si kutafuna, alijiambia, akaiweka sahani kando ya goti. Lakini mama hakuinuka. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

"Mbona sikusikii ukitafuna?"

Mkono ukaichukua tambuu sahanini. Kinywa kilifunguka kadiri kilivyoweza kufunguka. Popoo ilipovunjika, uso wa mama ukakunjuka, akashukuru, akaenda zake akishikiliwa mkono.

Ile ya kwanza ilikuwa wajibu wa mwana kwa mzazi. Hilo akili ililieleza vizuri sana. Ya pili, jioni ile ile, ilikuwa kwa sababu siku ilikwisha kuharibika. Ya tatu, kesho yake, ilikuwa ya kuagana na tambuu. Ya nne haikuletewa sababu yoyote. Aliikuta tu.

Njiani kwenda kwa daktari, Hnin Wai alimsihi kwa sauti ya chini aseme ndiyo, kisha aache akishapasuliwa. Yadana aliunganisha viganja, akaomba radhi, akafungua faili. Kalamu ilikwisha kuigusa karatasi.

"Mwalimu umeacha, sivyo?"

"Mara nne."

Kalamu ikasimama. Hnin Wai akageuza uso dirishani.

"Nieleze ninyi madaktari mnafanyaje," Mwalimu Nyo Maung alisema, na sauti yake haikuwa ile ya darasani. "Mtu anapotaka kuacha kitu. Mimi nilifundisha kwamba aache. Namna ya kuacha sikuifundisha. Siijui."

Yadana aliinua macho kutoka kwenye faili.

"Hata mimi siijui," alisema. "Sisi tunajua kukata tu."

Akalipiga mstari jina lake kwenye orodha ya mpasuaji. Orodha nyingine ingeandikwa baada ya mvua, alimwambia, na kufikia hapo huenda hata kidole cha pili kisingepita. Kwa sasa alimkabidhi bahasha ya vijiti vyembamba bapa: kila asubuhi avipange kati ya meno, na kila juma aongeze kimoja, ili kinywa kisizidi kufunga.

Asubuhi iliyofuata aliketi mbele ya kioo. Vijiti vinane viliingia. Alijaribu cha tisa kwa upole, kisha kwa nguvu, machozi yakamtoka, na kijiti kikapinda katikati. Hnin Wai alimwekea uji mezani, mwepesi, wa kunywa, akamwuliza vimeingia vingapi. Hakuweza kumjibu, kwa kuwa kinywa kilikuwa kimejaa vijiti. Alimwonyesha kwa vidole.