Sampuli ya Kaka

Dokta alikuwa na kaka mmoja tu wa tumbo moja, fundi wa kuchomelea mageti. Utafiti wake Dokta ulihusu kifua kikuu: alitafuta kemikali ndogondogo ambazo mwili huziacha kwenye damu ugonjwa unapoanza kimyakimya, kabla mtu hajakohoa. Ili azitambue, alihitaji pia damu ya watu wasioumwa, ailinganishe na ya wagonjwa. Kwa miaka mingi kaka yake alikuwa mmoja wa hao.

"Huku ni kunyonyana damu kwa kibali cha serikali," alitania kila alipokunja mkono wa shati.

Akishatolewa damu hakuwa na haraka. Alizungukazunguka kati ya mafriji, akauliza lile limashine la kuchambua damu linakula nini, akamvunja mbavu fundi wa maabara, mama mmoja mwenye maneno mengi. Dokta alimjibu macho yakiwa kwenye skrini.

Mwaka ambao wafadhili walikuwa wakimkaba koo Dokta wakidai matokeo, damu ya kaka ilikuja tofauti.

"Dokta, hebu njoo uone," fundi wa maabara aliita. "Hii ni pombe, tena si ya kuonja. Hizi ni dawa za maumivu. Na hapa mwili umeanza kujila wenyewe. Huyu mtu hali chakula."

"Namba ngapi?"

Akamtajia. Wote wawili waliijua namba hiyo.

"Tumpigie simu?"

Dokta alijisugua macho. "Mtoe kwenye kundi, anatuvurugia takwimu. Mwambie watu wametosha, asijisumbue kuja tena."

"Nimwambie mimi? Si kaka yako?"

"Nisaidie, mwenzangu. Kichwa changu kimejaa."

Alijiambia angepita kwake mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki ukaja na mambo yake, na uliofuata vivyo hivyo. Wakawa watu wa kuonana misibani, salamu za juujuu, kila mtu na njia yake. Utafiti nao ukajibu. Kipimo kikaingia kwenye zahanati, watu wakagunduliwa mapema wakapona, na Dokta akaitwa kuhutubia huku na huko.

Siku ya kumuaga alipostaafu, kaka hakuja. Alimtuma binti yake, ambaye sasa alikuwa muuguzi. Dokta alisimama akawashukuru waliojitolea damu, akamtaja kaka yake kwa sifa, ukumbi ukapiga makofi. Binti alisubiri watu wapungue.

"Shangazi, unajua baba alifuata nini maabara ule mwaka wa mwisho?"

"Si kutoa damu?"

"Mama alikuwa ameshaondoka nyumbani. Karakana imefungwa. Alikuwa anakuja akuambie. Kila akirudi anasema, 'Leo ana kazi nyingi, nitamwambia siku nyingine.' Halafu akapigiwa simu kwamba hahitajiki."

Laiti Dokta angeweza kusema hakujua! Alijua kabla ya jirani yeyote; alisomewa kwa sauti, herufi kwa herufi, akageuka kuuliza namba.

Kesho yake alikwenda. Kaka alikuwa ameacha pombe siku nyingi. Muuza mbao mmoja wa mtaa ule alimchukua kazini na kumsimamia mpaka akasimama mwenyewe.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu kiti."

Chai ikamiminwa. Dokta hakuigusa. "Niliona kwenye damu," alisema. "Niliona, nikakutoa."

"Nilijua umeona. Wewe mwenyewe uliniambia mashine yako haifichwi kitu. Nikawa nangoja uje."

"Nisamehe, kaka yangu."

"Nilishakusamehe zamani, sina kinyongo. Ila nilizoea kuishi bila wewe..." Hakumalizia. Akamuuliza kama sukari imetosha.

Tangu hapo Dokta alimtembelea mara kwa mara, maana muda sasa alikuwa nao tele. Kaka alimpokea vizuri, kama anavyopokewa mgeni wa heshima: alimfutia kiti, akamuuliza hali ya magoti. Alasiri moja alimkuta barazani na muuza mbao, wameinamiana, kaka akieleza jambo kwa sauti ya chini, uso umekunjamana. Walipomwona walinyamaza, wakasalimiana naye, na mazungumzo yakageukia mbao.

Dokta akaketi, akauliza siku hizi zinauzwaje.