Bariyeri ya Mvua, Kilomita 38

Zamani, mvua iliponyesha kwenye barabara ya Ituri, safari zote zilikoma kilomita thelathini na nane kutoka Kisangani. Zilikoma kwa sababu Jafari Alfani alizikomesha. Alitoka barazani kwake na jani la mgomba kichwani, akafungua mnyororo, akaushusha mti mrefu uliopakwa rangi nyeupe na nyekundu mpaka ukalala juu ya kigingi cha upande wa pili. Kuanzia hapo lori lolote, liwe la tajiri wa kahawa au la misheni, lilizima injini na kungoja.

Sheria hiyo ya bariyeri ya mvua ililetwa na Wabelgiji. Katika sheria zao zote, hiyo peke yake ndiyo Jafari aliyoipenda, kwa sababu aliiona maana yake kwa macho. Udongo mwekundu ukilowa unakuwa kama unga uliokandwa. Gurudumu likipita linaacha kovu, mvua inayofuata inaingia ndani ya kovu, na mwisho wa msimu huna barabara tena, una korongo.

Mvua ilipokatika, Jafari alivua viatu, akatembea katikati ya njia akikandamiza kisigino. Kisigino kikiacha maji, bariyeri ilibaki chini. Kikiacha alama kavu, ilipanda. Madereva walibembeleza, walitukana, walionyesha saa zao, lakini kisigino hakikuhongeka.

Na kungoja kule kulikuwa na utamu wake. Wanawake wa kijiji walileta lituma ya moto, yaani ndizi zilizopondwa, na samaki wa kukaushwa. Madereva walining'iniza nguo zao kwenye vioo vya lori zikauke. Habari za Bafwasende zilikutana na habari za mjini. Watu walipatana bei pale, na wengine walipatana ndoa. Jafari mwenyewe alimpata mke pale. Safi alikuwa msichana wa Kabondo, mtaa mmoja wa Kisangani, wa ukoo wa Waislamu wa siku nyingi, akirudi na mama yake kutoka kununua mchele. Bariyeri iliwaweka tangu asubuhi mpaka alasiri, na Safi akachoka kukaa juu ya magunia.

"Wewe papa wa bariyeri," alimwita, "hicho kisigino chako iko serikali?"

"Hapa iko serikali," Jafari akajibu.

Safi alicheka hadi mama yake akamkanya. Kabla ya mwaka kwisha, wazee wa Jafari walikuwa wamekwenda Kabondo kuposa.

Jafari alikuwa kapita wa makantonye, yaani mkuu wa wale watu waliopewa kila mmoja kipande chake cha barabara akitunze: kufyeka nyasi, kuzibua mitaro, kujaza mashimo kwa kokoto nyekundu. Kila mwisho wa mwezi gari dogo la idara ya barabara lilikuja na mshahara, likapita polepole kutoka mtu hadi mtu. Watu wa siku hizi wakiwasikia wazee wakiisifu barabara ile iliyo tambarare kama meza, wasisahau kwamba iliwekwa kwa fimbo. Baba yake Jafari alikuwa mmoja wa waliokata msitu ule kwa lazima, na mgongo wake ulibaki na alama hadi akazikwa. Jafari alilijua hilo. Labda ndiyo sababu hakuweza kuiona barabara ikiharibika.

Uhuru ulipokuja, redio ya dereva mmoja ilitoa hotuba pale pale bariyerini, na msemaji akasema kila kitu cha nchi sasa ni chetu: shule, mito, migodi, barabara. Wengine walipiga makofi kwa sababu ya migodi. Jafari alipiga makofi kwa sababu ya barabara. Jioni ile alitembea kipande chake chote mikono mgongoni, kama mtu aliyeonyeshwa shamba lake.

Mwaka uliofuata, lile gari la mshahara likaanza kuruka miezi, halafu likakoma kabisa. Jafari alipanda baiskeli mpaka mjini, akaingia katika ofisi karibu na bandari ya mto. Karani kijana alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti.

"Papa, faranga za barabara zinangojea serikali."

"Na serikali?"

"Serikali inangojea faranga." Kijana akainamisha macho. Hakuwa anadhihaki. "Pole, papa. Sisi pia hapa tunangojea."

Jafari alirudi, akawakusanya wenzake. Wengine waliweka majembe chini, na hakuwalaumu. Waliobaki, akiwemo René, kantonye mnyamavu wa kipande cha jirani, walikubaliana hivi: kila lori litakalongoja bariyerini litaacha kikombe cha chumvi, na chumvi hiyo itagawiwa walio kazini. Dominique, dereva aliyezaliwa mtoni huko Yanonge, ndiye aliyeanza kutoa, na ndiye aliyelalamika kuliko wote.

"Wakati wa Wabelgiji nilikuwa nangoja bure!" alipiga kelele. "Sasa nangoja na ninalipa chumvi. Uhuru gani huu, Papa Jafari?"

"Ndiyo huu. Wakati ule barabara ilikuwa yao."

"Bon. Basi nipe kipande changu nikipeleke nyumbani Yanonge, maana kule hatuna." Akamimina chumvi, tena kikombe kikajaa na kumwagika.

Ndivyo barabara ilivyoishi, kwa chumvi, mpaka mwaka wa sitini na nne.

Mwezi wa saba mwaka ule, Safi alipanda lori la Dominique kwenda Kabondo kumuuguza mama yake aliyevimba mguu. Alipanda mbele, karibu na dereva, kikapu mapajani.

"Usinioe mke wa pili nikiwa sipo," akamwambia mumewe.

"Nitamtoa wapi?"

"Unaye tayari. Amelala hapo chini, mwekundu, na kila siku unamfagia." Madereva wote wakacheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya kweli: "Nitarudi kwa hii njia. Uniwekee nzima."

Kabla mwezi wa nane haujaenda mbali, waasi waliuchukua mji, na lori zikakatika. Hapakuwa na barua wala mpita njia aliyejua lolote la Kabondo. Mwezi wa tisa ulikwisha. Mvua kubwa zilipoanza, alikuja kamanda mmoja kijana na wapiganaji wake, majani yamefungwa vichwani, akawaita makantonye wote waje na majembe.

"Barabara itakatwa," alisema. "Shimo refu, ukingo hadi ukingo. Gari la adui lisipite." Akaonyesha kwa mkuki mahali penyewe: kwenye mteremko, chini ya kona.

Jafari aliutazama ule mteremko. Shimo mahali pale, katika mvua za mwezi wa kumi, lingekunywa maji yote ya kilima. Lingejichimba lenyewe usiku na mchana. Hata vita vikiisha kesho kutwa, pasingekuwa na majembe ya kuliziba, na serikali yenye mashine haikuwepo. Lori lisingepita tena. Na Safi alikuwa upande wa pili. Lakini kumkatalia kamanda kulikuwa kufa, kwa hiyo akatafuta neno linalofanana na kweli ambalo kamanda angeweza kulipenda.

"Kamanda," alisema, "pale kwenye mteremko maji yatashusha matope. Wiki mbili, shimo litajaa, adui atapita juu yake. Chimba huku juu, kwenye mgongo wa kilima. Huku litabaki kavu na refu."

Kamanda alimkazia macho. "Unaipenda sana barabara yako, mzee."

"Nimeifanyia kazi miaka mingi. Ndiyo maana najua namna ya kuiua."

Kamanda akakubali. Walichimba juu ya kilima, karibu na bariyeri, wapiganaji wakiwasimamia. Na hapo ndipo René alipokaribia kuwaponza wote. Mtu aliyezibua mitaro maisha yake yote, mikono yake ina mazoea yasiyomwuliza. Shimo lilipofika kiunoni, René, huku akiwaza mambo yake, alianza kuchonga mfereji mdogo kwenye ncha ya shimo, ulioteremka taratibu kuelekea msituni, kuta zake zimelazwa vizuri, jinsi alivyofundishwa. Alikuwa anaitunza barabara aliyoamriwa kuiharibu.

"Wewe!" Kamanda alishuka mpaka ukingoni. "Hicho ni nini?"

René aliduwaa, akautazama mfereji kana kwamba umechimbwa na mtu mwingine. Mpiganaji mmoja aliinua bunduki.

"Ni wa kutoa maji, kamanda," Jafari akasema upesi.

"Kwa nini shimo la vita litolewe maji?"

"Lisipotolewa litajaa mpaka juu. Adui hatahitaji daraja. Atamwita Mlokele mmoja, mvuvi wa mtoni, na mtumbwi wake, avushwe."

Kisha mpiganaji mmoja, yeye mwenyewe mtoto wa mtoni, akaangua kicheko, mwingine akafuata, na kamanda akatikisa kichwa. "Chimbeni mfereji na upande wa pili," aliamuru.

Wakachimba na upande wa pili. Zile kokoto nyekundu, ngumu, za uso wa barabara, Jafari alizirundika peke yake mbali na udongo wa chini. Hakuna aliyemwuliza. Wapiganaji walipoondoka alizifunika kwa majani mapana ya mangongo, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anavyofunga chakula cha msafiri atakayechelewa.

Mvua zilinyesha. Kila zilipokatika alikwenda kutazama. Maji yaliingia shimoni, yakapita katika mifereji ya René, yakapotelea msituni. Kuta zilisimama.

Mwezi wa kumi na moja ndege zilipita juu, nyingi, zikienda mjini kuwatoa waasi. Adui ambaye shimo lile lilimngoja hakupita pale hata siku moja. Majeshi yaliyokwenda kwa magari yalikuja kwa barabara ya Lubutu. Watu waliokimbia mji walipita kwa miguu, wakizunguka shimo msituni, nyuso zao zimebadilika. Walisimulia waliokufa, weupe na weusi, na nyumba zilizobaki wazi. Jafari aliwapa maji, akauliza kila mmoja juu ya Safi wa Kabondo. Hakuna aliyemwona. Mama mmoja alimwambia, "Kabondo watu wengi wamefichwa majumbani, papa. Usiseme amekufa."

Hakusema. Wiki chache baadaye, alikwenda na jembe lake kwenye shimo akaanza kulijaza.

René alimkuta huko. "Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu."

"Waasi wakirudi watasema tumefungulia jeshi. Jeshi likija litauliza nani alichimba. Na chumvi iko wapi? Hakuna lori hata moja, Jafari. Tunamtengenezea nani?"

"Lori haliji mahali pasipo na barabara," Jafari alisema bila kuinua kichwa. "Lazima kitu kimoja kitangulie."

René alitazama mfereji wake, ambao haukubomoka hata kidogo, na uso wake ukaingiwa na kitu kama fahari na aibu pamoja. Akavua shati. Kesho yake walikuja wengine, hata wale walioweka majembe chini zamani. Walijaza udongo kwa matabaka, wakashindilia kila tabaka kwa magogo, na mwisho wakafunua mangongo. Kokoto zilikuwa kavu, nyekundu kama siku zilipotolewa. Walizitandaza, wakainyanyua kidogo katikati ili maji yakimbilie kando, na Jafari akaipaka bariyeri chokaa, maana rangi haikuwepo.

Basi wakangoja. Mwezi wa pili wa mwaka wa sitini na tano, asubuhi moja, mvua nzito ilipiga, Jafari akaushusha mti kama ilivyo ada, ijapokuwa hapakuwa na wa kumzuia. Ilipokatika, msitu ukidondoka matone, akasikia injini. Ilitokea upande wa Kisangani, ikikohoa. Alikijua kikohozi chake kabla hajaiona pua yake.

Lori la Dominique lilisimama mbele ya bariyeri. Kioo kimoja hakikuwepo, na mlango ulikuwa na matundu. Dominique alitoa kichwa nje, amekonda, mvi zimemwingia.

"Papa Jafari! Hata leo? Nimepita vita, nimepita askari, bariyeri kumi za wenye bunduki zimenifungulia, halafu yako ndiyo inanikataa?"

Upande wa pili mlango ulikuwa unafunguka. Ulishuka mguu mmoja, kikapu, halafu Safi mwenyewe, katika kitambaa cheusi cha msiba.

"Mama?" Jafari aliuliza.

"Tulimzika mwezi wa kumi na mbili."

"Mungu amrehemu." Mkono wake ulikuwa juu ya mnyororo.

"Alors, fungua!" Dominique akapiga honi. "Nimekuletea mke! Hata kwa mke hufungui?"

Jafari aliutazama mkono wake, akautoa kwenye mnyororo. "Mke ana miguu," alisema. "Lori ndilo lina matairi."

Safi alicheka, kicheko kile kile cha juu ya magunia, ila kimechoka na kimelowa machozi. Akavua viatu, akainama chini ya ule mti mweupe, akapita. Alimshika mumewe mkono, wakatembea pamoja juu ya mgongo wa kilima. Walipofika palipokuwa na shimo, Jafari akasimama.

"Walinifanya niikate. Hapa."

Safi alitazama chini, kulia na kushoto. "Hapa wapi?"

"Hapa hapa unaposimama."

Safi alikandamiza kisigino kwenye kokoto, kwa nguvu, akakizungusha, kisha akainua mguu na kuinama kutazama. Maji kidogo yalichuruzika ndani ya alama.

Akageuka kuelekea lori, akaweka mikono mdomoni. "Dominique! Bado! Ngoja!"

"Yesu wangu," Dominique alilia, huku akishuka na kufungua sufuria iliyofungwa nyuma ya lori. "Sasa iko serikali mbili!" Akaanza kutafuta kuni kavu, na kutoka nyumba za karibu wanawake walikuwa tayari wanakuja na ndizi.