Warusi wa Mwalimu Ansbert

Mume wangu Ansbert alikuwa na ugonjwa mmoja: hakujua kuficha alichokisoma. Mwaka sabini na tatu alikuwa akifundisha elimu ya watu wazima hapa Manzese. Siku ya somo la ukoloni mtu mmoja akauliza, "Na Warusi je, hawakutawala watu?" Si angesema tu hajui! Akaeleza walivyovuka bahari hadi Alaska, na magavana wao wakachukua watoto wa wenyeji mateka, ili baba zao wakawawindie bila ubishi fisimaji, wanyama wa baharini wenye manyoya ya bei kubwa.

Mzee Fakihi, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa dawati la mbele. Alifunga daftari lake, akatoka bila kuaga. Ndiyo yale, ulimi uliponza kichwa.

Maana binti yetu Kokushubila alikuwa amechaguliwa kwenda kusomea udaktari huko huko Urusi. Ilibaki barua ya balozi wa nyumba kumi tu, kwamba anamfahamu na tabia yake ni njema. Bila barua hiyo, fomu haipokelewi, na mwisho ulikuwa Ijumaa.

Nikaenda kwa Mzee Fakihi, nikamwamkia shikamoo, nikaomba.

"Mama Koku, baba yake anatukana marafiki wa nchi, mie niandike nini?" akasema. "Akiri mbele ya darasa kwamba alikosea. Nitaandika hapo hapo."

Ansbert aliposikia alicheka kwa uchungu. "Unaona? Na huyu naye ni gavana. Kamshika mtoto ili baba anyooke."

"Gavana kitu gani!" nikamfokea. "Mwanao analia chumbani, wewe unatetea watu waliokwisha kufa huko kwenye barafu? Nenda kaseme!"

Alhamisi akasimama mbele ya darasa, Koku akiwa mlangoni. "Nilikosea," akasema. "Warusi hawajapata kumtawala mtu." Mzee Fakihi akaandika, akagonga muhuri.

Ijumaa asubuhi Koku aliipeleka barua mjini. Karani akamwambia nafasi yake amepewa mwingine tangu Jumatatu, kwa sababu ya maneno ya baba yake. Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Koku aliiweka barua mezani, mbele ya baba yake.

"Shule nimekosa, Baba, nitazoea," akasema. "Lakini baba niliyekuwa najivunia, nitampata wapi?"

Ansbert akaigeuza barua, muhuri ukatazama chini. Na ni mie niliyemtuma.