Bakuli la Bi Mejumaa

Siku ya mwisho ya likizo ni siku ya kukosana. Muulize yeyote aliyeoa. Awino na mumewe Joab walikuwa wamekaa mtaa wa Kuze, huku pwani, miezi miwili bila ugomvi wa maana, katika vyumba viwili vya ghorofani walivyopanga ili Joab asahau miaka thelathini ya ofisi za reli kule kwao Kisumu. Leo ndege yao ilikuwa ya saa kumi, tuktuk ingekuja saa saba, na kufikia saa nne asubuhi Awino alikuwa ameshamwita mumewe mzembe mara tatu. Mara ya nne alikuwa na haki.

"Baba Ketty, chapati zilizokuwa kwenye bakuli ziko wapi?"

Joab alijipangusa mdomo. "Si zilikuwa za safari?"

"Zote sita?"

"Safari yenyewe ndefu, Mama Ketty."

Awino akaketi juu ya begi. Bakuli lilikuwa mezani, jeupe, maua ya buluu ukingoni, tupu kabisa. Lilikuwa mali ya Bi Mejumaa, mjane aliyeishi chini yao. Wiki ya kwanza lilipanda ngazi likiwa na mbaazi za nazi. Awino, mtu aliyelelewa vizuri, aliliosha likang'aa na kulirudisha hivyo hivyo. Bi Mejumaa akachungulia ndani, akatabasamu, akasema ahsante, basi. Muuza mchicha wa pale mlangoni ndiye aliyemweleza Awino baadaye kwamba huku bakuli la jirani halirudishwi tupu, hata ukikosa kabisa tia chumvi. Awino alikosa usingizi siku mbili.

Tangu hapo ikawa vita. Bakuli lilishuka na omena za kukaanga, likapanda na pilau. Lilishuka na mandazi, likapanda na samaki wa kupaka, na kila mara Bi Mejumaa alikuwa mbele. Lakini leo Awino alikuwa amempangia. Angelishusha na chapati zake wakati tuktuk inanguruma mlangoni, aage, apande, na Bi Mejumaa asipate nafasi ya kulijaza tena. Hakutaka Kuze imkumbuke kama yule mgeni wa bakuli tupu. Mengine yote angeyameza.

Sasa mtungi wa gesi ulikuwa umesharudishwa dukani, unga umekwisha, na jikoni mlibaki nusu kitunguu na kiberiti.

"Tia kitunguu," Joab akashauri.

Awino akakiokota kitunguu kama anayetaka kukirusha. Joab akachukua kofia yake akatoka.

Alirudi saa saba kasorobo, jasho likimtiririka, baada ya kuaga kila mtu kwenye mabenchi ya kahawa. Mkononi alikuwa na kaimati tele zimefungwa kwenye gazeti, bado zinanata shira ya sukari. "Nimenunua kwa Khubaib pale kwenye kona. Ananiambia hakuna bora kuliko hizi Kuze nzima."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Awino akaona kwamba alikuwa ameolewa na mwanamume wa maana. Alizimimina bakulini, na tuktuk ilipopiga honi akashuka nalo kwa mikono miwili, Joab nyuma na mabegi.

Bi Mejumaa alikuwa mlangoni pake. "Ndoo, karibu, shoga yangu. Umezipika mwenyewe hizi?"

Mungu amsamehe Awino. "Mwenyewe."

Bi Mejumaa akatia moja mdomoni, akafumba macho, akatafuna taratibu. "Iliki. Na ganda la ndimu. Hilo la ndimu alikufunza nani? Mimi nimelipata kwa mamangu, na sijamwambia mtu."

Awino akamtazama Joab. Joab akatazama tuktuk.

"Kaimati zangu hizi," Bi Mejumaa akasema. "Kila siku nampikia Khubaib sinia zima auze."

Awino alitamani ardhi ipasuke aingie. Akakiri yote, chapati, gesi, kitunguu, na Bi Mejumaa akacheka hata leso ikamwanguka kichwani. Kisha akamsukumia Awino bakuli kifuani.

"Basi halijarudi hili. Changu hakinirudii mimi kikawa chako. Lichukue. Ulilete mwenyewe, lina kitu ulichokipika kwa mkono wako."

"Bi Mejumaa, Kisumu ni mbali."

"Najua. Na mimi hapa n'takula na nani?"

Awino akalipokea bakuli. Wiki saba zote alikuwa akipigana vita na mtu aliyekuwa akitafuta tu mwenziwe wa kula naye. Akamkumbatia, bakuli katikati yao, shira ikawachafua wote wawili, na dereva wa tuktuk akapiga honi akachoka.

Ndani ya ndege mhudumu alimwomba aliweke bakuli chini ya kiti. Awino alikubali wakati wa kuruka tu. Walipofika juu akalipakata tena, macho bado mekundu. Joab akanyoosha mkono kuelekea kaimati.

"Kula," Awino akamwambia. "Lakini Desemba tukirudi, chapati za bakuli hili utazikanda wewe."

Joab akaurudisha mkono. Akafikiri kidogo, akatazama mawingu dirishani, kisha akachukua mbili.