Lawama Zinapokelewa Hapa

Jumamosi ni siku ya maji katika ploti moja ya nyumba za kupanga, Free Area, Nakuru, na Jepleting alikuwa wa mwisho kwenye foleni ya mitungi kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye simu. Kule Mau Narok, viazi vya mama yake vilikuwa vimenyauka vyote kabla ya kutoa maua. Mbegu ilikuwa mbovu. Sasa mama, Chelimo, alikuwa anatafuta mtu wa kumkodishia shamba, na shamba likishaingia mikononi mwa wakulima wakubwa wa ngano halirudi hivi hivi. Jepleting alitaka kumpelekea mbegu mpya kabla mvua haijaanza.

Kazi za mtandaoni alizijua. Alikuwa ameandika insha za wanafunzi wavivu na kuchapa maneno ya mikutano ya watu asiowaona, yote kwa akaunti ya kukodi yenye jina la mzungu, kama vijana wenzake wengi mjini. Shida ni kwamba kila alichouza, kulikuwa na mwingine anayekiuza kwa bei ya sukuma wiki. Ukitaka kula vizuri huko, uza kile jirani yako hana. Akajiuliza yeye ana nini. Alikuwa kifungua mimba. Tangu utotoni, kibuyu kikipasuka nyumbani alikuwa anasema ni yeye, na wadogo zake wanaenda zao kucheza. Basi akaweka tangazo kwamba anapokea lawama.

Wateja hawakuchelewa. Mteja alieleza kosa lake, Jepleting akaandika kwamba aliyelifanya ni yeye, akatuma, na lawama ikahama. Mwanzoni kulikuwa na malalamiko. Lawama ilifika Nakuru, ikamtafuta yule mzungu wa kwenye akaunti, ikamkosa, ikamrudia mteja na hasira za safari. Kwa hivyo Jepleting akafungua akaunti yenye majina yake yote kama yalivyo kwenye kitambulisho. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya kazi mtandaoni bila kudanganya mtu, na malalamiko yakaisha.

Alipopokea lawama ya mwanamume aliyekanyaga paka wa jirani kwa gari, paka wote wa ploti walihamia upande wa pili. Alipopokea ya mwanamke aliyekataa kwenda kumzika mamake, akina mama kanisani walisonga wakamwachia benchi. Hizo zilikuwa lawama nyepesi, na zilichuja polepole kama rangi ya leso. Adero, jirani wa mlango wa pili, alianza kuanua nguo zake zikiwa bado mbichi.

"Sijasema umeiba," Adero alimwambia. "Lakini siku hizi nikikuona nahesabu pegi zangu za nguo."

"Ni kazi tu, Adero."

"Kazi gani hiyo? Mtu akikulipa vizuri na hujainua kitu, jua kuna kitu umeinua. Mimi nakuangalia."

Jepleting mwenyewe alikuwa ameanza kufunga mlango akienda tu bombani, na hakujua anamfungia nani.

Kisha ikaja kazi kubwa. Maelezo ya juu yalisema kosa la kilimo, malipo mazuri, haraka. Mtandaoni anayesoma kwanza hukuta kazi imeenda, kwa hivyo Jepleting aliikubali, akatuma maneno yake ya kawaida, ndipo akafungua maelezo yenyewe. Mteja alikuwa ameuza mbegu za viazi akijua zina ugonjwa wa mnyauko. Alikuwa ameziuzia Mau Narok.

Hakujitaja jina, na hakukuwa na haja. Muuza mbegu kule alikuwa mmoja, Kipruto, mzee wa kanisa, mwenye stoo ya mabati ya samawati. Jepleting alirudi mbio kwenye ukurasa wa kazi. Akajaribu kufuta kazi. Mteja alikuwa ameshampa nyota tano, akalipa, akafunga akaunti yake.

Akaona basi, maji yakishamwagika hayazoleki. Akanunua mbegu safi Molo, akakodi pikapu, akazipeleka nyumbani Mau Narok. Pale senta, penye maduka, wanawake waliacha kuongea. Fundi wa baiskeli alimuuliza dereva kwa upole kama ana habari amembeba nani. Dereva akasema ameanza kuhisi tangu Njoro.

Mama alimpokea langoni na hakufungua lango.

"Mama, nimekuletea mbegu."

"Naziona."

"Wewe unajua nilikuwa Nakuru msimu wote. Sijawahi kuuza mbegu."

"Najua, Jepleting. Mimi ndio nimekuzaa, nitakosa kujua?" Chelimo alishika lango kwa mikono miwili. "Lakini nikikuangalia naona ni wewe. Nimejaribu tangu juzi. Nimeomba hata. Roho imekataa."

"Ni Kipruto, mama."

"Kipruto ni mtu safi," mama akasema, na alikuwa anasema ukweli. Kipruto alikuwa ametakata hadi shati lake halikushika vumbi, na vumbi la Mau Narok halibagui mtu.

Chelimo alimletea bintiye chai na viti viwili, wakanywa kila mmoja upande wake wa lango. Zile mbegu za Molo mama alizikataa, zikarudi na pikapu. Mvua ilipoanza, Chelimo alinunua mbegu kwa Kipruto, kwa mkopo, na Kipruto akaja mwenyewe kuwaonyesha akina mama nafasi ya kuacha kati ya mashimo. Aliwachekesha sana.

Viazi vikanyauka tena kabla ya maua. Kipruto alipita boma kwa boma kutoa pole, na kila boma likampa chai. Watu wa ngano wakaleta trekta kwa Chelimo, wakapima, wakang'oa uzio.

Jioni hiyo Chelimo alimpigia Jepleting simu.

"Kwa nini unatufanyia hivi?"

Jepleting alikuwa chumbani kwake Free Area, mlango umefungwa.

"Pole, mama," akasema.

Chelimo akauliza kama amekula. Jepleting akasema amekula. Mama yake hakuamini.