Mama Hatiwi Ukungu

Hasira ya Jicho ilianzia kwenye neno moja tu: kisanii.

Jicho ndilo jina alilopewa binti huyu mtaani, kwa kazi yake ya kupiga picha za nyeusi na nyeupe ufukweni, na pia kwa kuwa hakuna kilichompita. Naye Jicho alimwita kaka yake mkubwa Bosi, mbele yake na nyuma yake, maana ndivyo kaka huyo alivyotembea tangu alipoipaka rangi nyumba ya wageni ya mama yao na kuiwekea kibao cha taa. Nyumba yenyewe ilitazama bahari. Mama aliijenga chumba baada ya chumba kwa kufua mashuka ya watu, na mpaka leo, na magoti yake mabovu, hajamwachia mtu kamba yake ya nguo.

Bosi alitaka picha moja kubwa ya familia, itundikwe mapokezi siku ya kuifungua upya nyumba. Alikuwa ameshapanga yote. Yeye na mkewe wakae mbele, juu ya mawe, bahari ubavuni. Mama awe nyuma kabisa, kwenye kamba yake, lakini asionekane sawasawa. Si kwamba wanamficha, alisema, ila zile kandambili na lile gauni la kufulia, wageni watawafikiriaje?

"Si unalifungua tu lile tundu la lenzi, wa mbele watoke safi, wa nyuma wayeyuke? Mama awe kama ukungu hivi. Wa kisanii."

Jicho alimtazama kama mtu anayetafuta pa kuanzia kumla. Ufundi huo upo, na ni yeye mwenyewe aliyemfundisha Bosi. Tundu la lenzi likiwa wazi sana, kamera huona umbali mmoja tu: ulipolenga panakaza na kuonekana wazi, kwingine kote panalainika. Ukilibana likawa kama tundu la sindano, huona vyote, vya karibu na vya mbali, ila mwanga huingia kwa kudonadona, na anayepigwa hana budi kutulia kama jiwe. Alimweleza kaka yake hayo kwa mapenzi, akimwonyesha picha ya kombe moja mchangani, limekaza kila mstari, na bahari nzima nyuma yake imekuwa pamba. Leo mapenzi yale yamerudi yakiwa na meno.

Hakubisha. Hasira ya Jicho ikiwa ndogo hupiga kelele, ikiwa kubwa hunyamaza. Aliwapanga juu ya mawe, akamsifu wifi yake kwa kilemba, akamwambia Bosi ainue kidevu. Wifi akauliza kama kitambi cha mumewe kitaonekana. Jicho akamjibu kwamba hakitaonekana kitu, na hapo hakusema uongo. Akalifungua tundu mpaka mwisho, akampita kaka, akayapita mawe, akamlenga mama.

Siku ya kufungua nyumba, majirani walijaa mapokezi. Jicho aliileta picha ikiwa imefunikwa shuka, na Bosi mwenyewe ndiye aliyeivuta shuka hiyo.

Mbele, palipokuwa pake na mkewe, palikuwa na mafungu mawili ya kijivu. Nyuma alisimama mama, kibanio cha nguo kati ya meno, kila kunyanzi la uso wake mahali pake, kila uzi wa gauni, hata tone la maji lililoning'inia kwenye kiwiko. Msusi wa jirani akauliza kwa upole yale magunia ya mbele yamewekwa ya nini. Watu wakaangua kicheko.

Bosi akaipokonya ukutani. Akamwita dada yake nyoka wa chooni, akaapa kamera ile haitakanyaga tena pale. Ndipo Jicho akaufungua mdomo alioufumba tangu siku ya mawe.

"Aliyekutawaza utotoni ndiye unayemwonea haya. Nyumba yake unaitaka, uso wake huutaki."

Mama akawaambia wanyamaze. Jicho alitega sikio apokee shukrani. Mama aliisogelea picha, akapitisha kidole juu ya fungu moja la kijivu. Alikuwa na hasira kuwapita wote, na sauti haikupanda hata kidogo.

"Huyu ni mwanangu," alimwambia Jicho. "Nilimzaa na uso. Yeye kataka kunifuta mimi, wewe umemfuta yeye, na fimbo uliyomchapia ni mimi. Nani kawaambia familia yangu ina nafasi ya uso mmoja?"

Jicho aliishika kamera yake begani.

"Libane hilo tundu," mama akamwambia. "Tuonekane wote."

Jicho akajaribu kusema kwamba kuna wingu, mwanga ni haba, itabidi watulie kwa muda mrefu. Mama akasema watatulia. Bosi akasema yeye haendi. Mama akamkumbusha kwamba nyumba bado ni yake yeye mama, na asiyetaka kwenda kwenye mawe akang'oe kibao chake cha taa. Bosi akatangulia kutoka.

Mama alisimama kwenye kamba na kandambili zake. Jicho akaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akaitega ijipige yenyewe, akaenda kusimama kati ya mama na kaka, kwa amri ya mama. Hakuna aliyetikisa kope. Mshipa ulimcheza Bosi shingoni, Jicho alikuwa ameuma meno, wifi alitamani ardhi immeze.

Picha ilipotoka, kila kilichocheza kilikuwa kimegeuka ukungu: mawimbi moshi, mashuka moshi. Watu wanne walikuwa wamekaza, kuanzia kitambi cha Bosi mpaka kandambili za mama, wote wamenuna.

Ipo mapokezi hadi leo. Wageni huuliza siku ile alikufa nani. Mama hujibu kwamba hakufa mtu, walikuwa wanagombana.

Na ugomvi haujaisha. Lakini Jicho akija kukifuta kioo cha picha ile, huanzia usoni kwa kaka yake, na husugua kwa nguvu.