Unywele Chini ya Jina

...kidogo tu, upana wa punje ya mchele, akilisogeza jina upana wa punje moja ya mchele kuelekea mgongo wa kisu, ule unywele, ule ufa mwembamba wa chuma, utaingia chini ya herufi yake ulale humo kama sungura kichakani, na nani atauona, herufi yenyewe ya Kijapani ina mistari chungu nzima, kichaka kitupu, utadhani marehemu baba yake alipomwita Shigeto alijua mtoto huyu siku moja atatafuta pa kuficha kitu... hapana, baba yake hakujua lolote, alikuwa muuza tofu, na Shigeto kashika sindano juu ya ubapa wa kisu, vanishi imekauka vizuri haimnati kidole, chupa ya tindikali ipo pembeni na kijiti chake cha pamba, kinachotakiwa ni kukwangua jina kwenye vanishi, kupaka tindikali, kuiacha itafune chuma, kusuuza, basi, kazi ya mtu kunywa kikombe cha chai, na huko chumba cha mbele chai inanyweka na watu wanacheka, bila shaka wanamcheka yeye, "Kalala huyo," anasema Mama Hatsuyo, "mwenzenu nimefunga duka langu la samaki mikunga nikaja kuchukua kisu, sikuja kuzeekea hapa," na Mzee Eizo, baba mkwe wa Shigeto, anamjibu, "Kuzeeka ulishazeeka, wewe kunywa chai," na yule mama, "Chai gani hii, maji ya kunawia," na kicheko tena, lakini kicheko cha Mzee kina mkwaruzo, kikombe chake kinagonga kisahani, gong'o, gong'o, mikono hiyo, tangu majira ya baridi haitulii mikono hiyo.

Ndiyo maana asikosee. Kisu hiki ni cha kwanza kubeba jina lake, vingine vyote tangu aingie nyumba hii vilibeba jina la Eizo, hata vile alivyovifua yeye mwenyewe mwanzo mpaka mwisho, na haki yenyewe ndiyo hiyo, kwa sababu Shigeto hakuoa, tuseme ukweli, Shigeto aliolewa, aliacha jina la ukoo wa muuza tofu akachukua la Nagakubo, la kina mke wake Sanae, na hapa Sakai watu wana msemo kwamba mwanamume mwenye vibaba vitatu tu vya pumba asikubali kwenda kuwa mkwe wa kulelewa, nao wakamwimbia msemo huo siku ya harusi mbele ya samaki na pombe ya sake, na yeye akasimama akasema jamani mimi hata pumba sina, wakacheka sana, Sanae tu ndiye hakucheka, Sanae alitazama chini akamkanyaga mguu... na Mwaka Mpya uliopita Mzee akasema, bila utangulizi, mdomo umejaa mochi, "Kisu cha Hatsuyo, weka jina lako," kama mtu anayesema funga mlango. Sasa Mama Hatsuyo akikikataa? Akikigeuza mwangani, akiona unywele, akasema Mzee, nitengenezee wewe? Mzee atafanya nini, Mzee atainuka, atavaa aproni, atarudi tanurini na mikono ile, na nyundo haina huruma, mara ya mwisho ilishuka kwenye kidole chake mwenyewe na hakulia, alikitazama tu kidole kama kitu cha jirani, akasema, "Kumbe," na Shigeto anakisikia kile "kumbe" mpaka leo, usiku anageuka kitandani anakisikia.

Na unywele umetoka wapi, umetoka mdomoni mwake, wapi kwingine. Asubuhi kisu kizima kilitoka kwenye tindikali, tabaka zimefunguka, nyeusi na nyeupe, kama mto unaopita kwenye mawe, alitaka kumwita Sanae aje aone, mdomo umeshafunguka, halafu jicho likagota palepale karibu na mahali pa jina, kati ya tabaka mbili, mstari usio wa mto, mwembamba, mahali ambapo chuma hakikushikana na chuma, kwa sababu siku ya kuunga tabaka motoni alikuwa anamsimulia Sanae habari za nahodha mmoja na kasuku wake, akachelewa kunyunyiza magadi ya kusafisha chuma, kipande cha taka kikabaki ndani... ni ngozi ya nje tu, si kitu, chuma cha makali kiko katikati na ni kizima, kitakata mikunga mpaka Mama Hatsuyo aende mbinguni na huko pia wakikosa kisu watakiazima, lakini unywele ni unywele, usiseme si kitu kwa sababu ni wako. Kumbuka ndimu. Kumbuka ulivyokuwa mpishi wa meli, umemenya viazi bandari zote za dunia ukajiona mjuzi, ukanunua sokoni Karachi kisu cha chuma cha tabaka, cha ajabu, ukakibeba miezi kifuani kama hirizi, ukaja nacho mpaka mlango huu huu kumwonyesha Mzee Eizo, naye akaomba ndimu, akasugua, na tabaka zote zikafutika, zilikuwa za kuchorwa, na Mzee akacheka mpaka akakaa chini, "Umenunua picha, kijana, umenunua picha ya kisu!" na binti mmoja akaleta chai ili mgeni asife kwa aibu, naye mgeni akatazama ile chai na aliyeileta, akasahau meli. Kwa hiyo anayajua maumivu ya kuuziwa kilichofichwa. Anayajua, na bado sindano imeshasogea upana wa punje.

"Na kile changu cha zamani akinoe vizuri," sauti ya Mama Hatsuyo, "asinipotezee lile jina lililolewa." Jina lililolewa, ndiyo, kile kisu chake cha zamani kipo hapa mezani, kinangoja jiwe la kunolea, na jina la Eizo limekaa chini kabisa karibu na kisigino, limeinama, kama mtu anayetafuta viatu vyake baada ya sherehe, kwa maana Mzee hulitembeza jina, mji mzima unajua hivyo, majirani wanaogonga majina kwa patasi huyapanga kama askari lakini Eizo, ambaye huandika kwa tindikali kama baba yake, leo analiweka juu, kesho chini, keshokutwa upande, na wapo vijana wanaomwiga, na Shigeto alipomuuliza zamani, Baba, unajuaje pa kuliweka, Mzee akafumba macho akasema, "Kisu chenyewe kinaniambia," na Shigeto, mungu amsamehe, amelirudia neno hilo kwa wageni miaka yote hii akishusha sauti kwa heshima... aangalie basi, aone tindikali ya mkono ule ilikwenda kina gani, achukue lenzi, akiinamishe mwangani, hivi, mstari wa kwanza, wa pili, safi, mkono ulikuwa mkono enzi hizo, na hapa mkia wa mwisho unatoka, unazidi kutoka, unaendelea pale ambapo herufi imeshakwisha, mwembamba, si mstari wa jina, si mto... Ngoja. Afute kwa kidole. Atazame tena. Ni unywele. Unatokea chini ya jina kama mkia wa panya chini ya kabati. Kisu kinaniambia! Kinakwambia nini, mzee mwongo wewe, kinakwambia nifunike hapa! Na kile cha yule mpishi wa Kishiwada chenye jina puani kabisa, na kile kilichopewa jina ubavuni watu wakapiga picha, vyote, vyote vilikuwa viraka, na yeye alishusha sauti, alishusha sauti mbele ya wageni! anataka kucheka, anataka kwenda kuipindua meza ya chai, anataka...

"Shige!" Mzee anaita. "Usiliweke palepale pa kawaida. Sogeza kidogo mgongoni. Panapendeza zaidi."

Panapendeza. Basi Mzee alijua, na hapo ndipo Shigeto anakumbuka mchana wa leo, kisu kimelazwa juu ya kitambaa, Mzee anapita, anakipapasa kama anavyopapasa kila kitu, kidole gumba kikateleza kikafika pale, kikasimama, kikaendelea, na Mzee akaenda kuosha mikono bila neno, na sasa anampa, mbele ya mteja, kwa lugha ya mapambo, urithi wa nyumba, siyo tanuri, siyo nyundo, hii punje ya mchele, na kifua cha Shigeto kimejaa kitu asichokijua, ni tusi au ni baraka, mtu anaweza kutukanwa na kubarikiwa kwa sentensi moja? kwa wakwe inawezekana, na tramu inapita nje, dirisha linatetemeka, tindikali inatetemeka chupani, na katikati ya kengele za tramu Mama Hatsuyo anasema kitu, "...unywele wake, majira ya mvua unatoa kutu, nausugua kila jioni kama mtoto mwenye kamasi," na Mzee, "Unywele gani?" na yeye, "Huo uliouvika jina lako, Mzee, kwani ni mingapi?"

Kikombe cha Mzee kinawekwa chini.

"Ulijua."

"Nakifuta kisu hicho kila siku ya Mungu, nisijue? Mume wangu alikuwa na meno ya bandia, na hilo pia nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekinyang'anya ukakitupa kwenye vyuma chakavu, na kiburi chako hicho. Nami nilikuwa nimeshakipenda."

Shigeto anaweka lenzi chini, mzee mzima kule mbele amepatikana, mtu aliyemwomba ndimu, na mtu angedhani roho ya mkwe ingefurahi, haifurahi, inamhurumia, miaka yote alilibeba jina lake huku na huko kama mtu anayezungusha zulia kuziba shimo, na mwenye nyumba anajua shimo lilipo, analiruka kila siku, hasemi, kwa mapenzi... basi unywele huu utapata nao mtu wa kuusugua majira ya mvua, au hautampata, mama atageuza kisu mwangani na atasema atakachosema, lakini ataambiwa kabla hajageuza, Mama, hapa pana unywele, ni wa mdomo wangu, nilikuwa nasimulia habari za kasuku, na sindano inarudi, punje moja ya mchele, mpaka pale pa kawaida, palipo wazi, unywele upo kando peke yake kama jirani aliyetoka barazani.

"Shige! Umekufa huko?"

"Bado, Baba."

"Umelisogeza?"

"Hapana, Baba. Kisu kinaniambia likae hapahapa."

Unakuja ule mkwaruzo wa Mzee, ni kikohozi au ni kicheko, na juu yake sauti ya Mama Hatsuyo, "Kinasema? Basi kiambie kiseme upesi, mikunga yangu inaoza," na sindano ipo hewani bado, haijagusa vanishi.